Ngazi Kumi na Moja

4 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Nikikupigia tu, mama anataka sauti iongezwe asikie na yeye, halafu mnaanza kuulizana habari za magoti na mvua, na mimi nabaki nimewashikia simu kama meza. Hili ninalotaka kukuambia si la kusikilizwa na watu watatu.

Sijalala tangu mwisho wa Desemba. Usidhani natia chumvi. Napata saa moja, saa moja na nusu, kisha macho yanakauka na nakaa nikisikiliza nyumba. Wewe umejijengea jina huko kwa kulaza watu kwa maneno. Watu wanapanda gari kuja kufumbishwa macho na wewe, na dada yako wa tumbo moja anahesabu mbao za dari. Nimeona nikutanie kwanza kabla sijakuomba.

Chanzo nakijua. Mwezi wa kumi na mbili magoti ya mama yaligoma. Muuguzi anayekuja kila Alhamisi amesema mama asipotembea na kupata jua kila siku, miguu itakufa kabla ya mwenyewe. Kumhamishia chini haiwezekani. Chumba cha chini ndicho alicholala baba miaka kumi na minne, na mama alipotoka mle baada ya mazishi aliapa hatalala humo tena. Kwa hiyo inabidi nimshushe na kumpandisha, mimi mbele, yeye ameshika mabega yangu, kwa ngazi zile zile.

Unazijua. Ukishuka, ya tano kutoka juu sijaikanyaga kwa miaka thelathini na moja. Naruka. Nimeruka nikiwa na ndoo, nikiwa na chakula cha baba, nikiwa na homa. Hakuna aliyewahi kuona kwa sababu miguu imezoea. Lakini huwezi kuruka ngazi huku mama yako wa miaka sabini na tisa amekuegemea mgongoni.

Mimi ndiye niliyeosha ngazi Jumamosi ile. Nakumbuka nilisuuza, ndoo mbili za maji, lakini kumbukumbu ya mwenye kosa si ushahidi. Sabuni ilikuwepo, kila mtu aliinusa. Baba, fundi saa, mtu ambaye mkono wake haukuwahi kutetemeka, aliteleza juu yake, mgongo ukagonga ukingo wa dirisha pale kwenye kona, na hakutembea tena. Mama aliniambia neno moja tu, "Ungesuuza, mwanangu," na hakulirudia. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Nataka tu niweze kuweka mguu pale.

Nitumie sauti yako, hiyo unayowapa wateja. Redio yangu ina tundu la flashi.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kama nimeandika.

Dada yako


17 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika Jumatatu nikiwa na mteja. Niliisoma jioni.

Umewahi kuniuliza nafanya kazi gani hasa, na kila mara nimekujibu kwa mkato. Sasa nitaeleza, kwa sababu tiba hii haimsaidii mtu anayedhani anachezewa kiinimacho. Chumba changu kiko juu ya duka la miwani. Kina kiti kimoja cha kuegemea, kimoja cha kawaida ambacho ni changu, pazia zito la kijivu, na feni niliyoizuia isilie kwa kipande cha boksi. Ukutani kuna cheti cha chuo cha magharibi, nilikosoma miaka minne namna ya kumtuliza mtu kwa sentensi zilizopangwa. Mezani kuna bakuli la shaba nililopewa na mwalimu wangu wa mashariki, mzee aliyenikalisha sakafuni miaka mitatu akinifundisha kuhesabu pumzi, na ambaye hakuwahi kuniambia nimefaulu. Wateja wengine wanakuja kwa ajili ya cheti, wengine kwa ajili ya bakuli. Wote wanauliza iko wapi ile saa ya mfukoni ya kuning'iniza. Mtoto wa fundi saa, na chumbani kwangu hamna saa hata moja.

Naligonga bakuli mara moja, na mteja anaufuata mlio hadi uishe. Hiyo ni mashariki. Kisha namshusha ngazi, pumzi moja kwa kila ngazi, na kila ngazi naitaja ilivyo, kwa maana akili ikipewa kitu cha kutazama huacha kujilinda. Hiyo ni magharibi. Akifika chini huwa ametulia, halafu tunazungumza na kinachomsumbua. Mwishoni nampandisha hadi juu na anafumbua macho. Halali usingizi wa kweli. Anasikia kila kitu na akitaka kuondoka anaondoka.

Ngazi ninazotumia ni za nyumbani. Nilipoanza nilijaribu za kubuni, zikawa hazina uzito. Kwa hiyo dereva wa lori mstaafu aliyekuwa akiliona daraja anatokwa jasho, na karani wa posta anayetafuna kucha, na mwimbaji aliyepotelewa na sauti jukwaani, wote wameshuka ngazi za mama bila kujua.

Flashi iko ndani ya bahasha. Sikiliza mchana, ukiwa umekaa, mgongo umeegemea. Usisikilize huku umeinjika kitu jikoni. Ukifika chini, nimekuwekea maneno ya usingizi.

Mambo ya zamani yaache. Tiba yangu haimrudishi mtu nyuma kutafuta kosa. Ajali ni ajali.

Mdogo wako


2 Aprili

Marahaba.

Nilifuata masharti yote. Nilikaa kwenye kiti cha sebuleni, mgongo umeegemea, jikoni moto umezimwa. Bakuli lako lina mlio mzuri. Mama alikuwa juu na mlango wazi, na kwa taarifa yako alilala fofofo hadi mate yakamtoka. Alipoamka akauliza kwa nini umeondoka bila kumuaga.

Mimi sikufika chini.

Ulisema: ya kwanza, inayolia upande wa kushoto. Ni kweli. Ya pili, yenye alama ya pasi ya moto. Ya tatu, yenye ufa. Ya nne, yenye kichwa cha msumari alioupigilia baba. Nilishangaa unavyokumbuka. Ulikuwa unanishusha vizuri, na mwili ulishaanza kulegea. Halafu ukasema: ya tano, ile pana ya kwenye kona, chini ya dirisha.

Ile pana ni ya sita.

Wewe ukaendelea kushuka na hiyo sauti yako ya kitaalamu hadi kumi na moja, ukanikaribisha chini, ukaanza kunipa maneno ya usingizi. Mimi nilikuwa bado nimesimama juu ya msumari wa baba, mguu mmoja hewani. Nilizima redio, nikaenda kuzihesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumi na mbili. Nikarudia nikipanda. Kumi na mbili.

Sikulaumu. Umeondoka siku nyingi, na ngazi kumi na moja au kumi na mbili kwa mtu asiyeijua nyumba ni mamoja. Lakini mimi naishi humu, na nimejiuliza mtu anayekumbuka alama ya pasi anasahau vipi ngazi nzima, tena ile.

Nitumie nyingine. Hesabu sawasawa.

Dada yako


15 Aprili

Dada, shikamoo.

Idadi haina umuhimu. Wenzangu wengine hutumia ngazi kumi, wengine ishirini. Kosa langu ni kukupa ngazi unazozifahamu kupita kiasi. Mtu anayeishi karibu na kitu hukikagua badala ya kukifuata. Nimerekodi nyingine isiyo na ngazi kabisa. Ni bustani, yenye njia ya changarawe na kiti mwishoni. Iko kwenye flashi mpya.

Hata hivyo nimepekua madaftari yangu ya kazi. Miaka kumi na miwili, na kila mteja nimemshusha ngazi kumi na moja.

Yule dereva mstaafu bado hupita kunisalimu, na leo nilimuuliza kama aliwahi kuona kasoro yoyote katika ngazi zangu. Akasema, "Kasoro hamna, daktari. Ila baada ya ile ya msumari huwa unavuta pumzi kama mtu anayevuka mtaro. Mimi nilidhani ndiyo dawa yenyewe." Nilimkumbusha kwamba mimi si daktari.

Kuhusu kumshusha mama, usijaribu peke yako. Nitatafuta namna.

Mdogo wako


1 Mei

Marahaba.

Bustani yako haina watu na haina kazi. Nilikaa humo dakika kumi nikaanza kutafuta ufagio.

Jumanne nilipiga moyo konde nikajaribu bila sauti yako. Nilimshika mama, mimi mbele, tukashuka nne. Kwenye ya tano mguu ukakataa. Sikuogopa, ukitaka kujua kitaalamu. Ulikataa tu, kama mlango uliovimba kwa mvua. Mama hakujua nimesimama, akaja na uzito wake wote, na tukaanguka kwa kishindo, yeye kakalia ya nne, mimi nimekwama pale kwenye kona. Hakuna kilichovunjika. Ana uvimbe pajani wa rangi ya bilinganya. Tulikaa hapo tangu saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, hakuna wa kumwinua mwenzake, mpaka fundi cherehani wa jirani alipokuja kuulizia mkasi wake.

Saa tatu ni nyingi kukaa na mama kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza nilimwambia kwamba huwa naruka. Nilidhani atasikitika. Akacheka, akasema, "Kwani nani haruki hapo? Mdogo wako ndiye aliyeanza."

Nikamuuliza lini. Akasema siku ile ile, asubuhi. Yeye alikuwa kwenye kona anafuta dirisha, akakutuma kiberiti dukani, nawe ukaruka kutoka kwenye msumari hadi kwenye kona, nusura umsukume dirishani. Akakugombeza. Anasema anakumbuka vizuri kwa sababu baadaye kidogo, yeye akiwa ameshashuka jikoni, baba akaanguka, na amejuta siku zote kwamba asubuhi ya mwisho ya baba kutembea aliitumia kukugombeza wewe.

Nimemwambia anachanganya siku. Amenikasirikia na hajataka kula mkononi mwangu tangu jana.

Mdogo wangu, mimi si mtaalamu wa mambo ya kichwa. Lakini kabla baba hajaanguka, ile ilikuwa ngazi kama ngazi nyingine. Hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kuiruka.

Nijibu hili tu. Usinitumie flashi.

Dada yako


3 Juni

Dada, shikamoo.

Nimechelewa siku thelathini na tatu na sina udhuru. Barua hii nimeiandika mara nyingi, na kila mara inatoka kama maelezo ya mteja. Hii nayo itatoka hivyo hivyo. Sijui namna nyingine.

Mama hachanganyi siku.

Ulikuwa umemaliza kuosha ngazi tangu mapema. Zilikuwa kavu. Najua kwa sababu nilizipanda na soksi na soksi hazikulowa. Nilikuwa nimechukua sinia la bati jikoni, na kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki kando ya ndoo yako. Nilitaka kuteleza kwa sinia kutoka ya tano hadi kwenye kona. Mwenzangu mmoja shuleni alisema inawezekana ukipaka sabuni. Niliisugua ya tano peke yake, sabuni kavu juu ya mbao, hadi ikang'aa, nikapanda juu kuchukua sinia nililokuwa nimelificha chini ya kitanda. Nilipotoka, mama alikuwa ameshasimama kwenye kona na kitambaa chake cha dirisha. Nikalirudisha sinia. Akanituma kiberiti. Niliruka kwa sababu nilijua kilichokuwa pale. Nilikusudia kupangusa nikirudi.

Nilirudi na kiberiti mkononi. Baba alikuwa amelala kwenye kona na watu wazima walikuwa wananusa mbao. Mtu mmoja aliuliza nani ameosha ngazi. Ukasema, "Mimi." Ulikuwa na miaka kumi na saba, na ulilisema bila kufikiri. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilisubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza.

Ya utotoni ningeweza kuyaeleza. Ya baadaye siwezi. Nilikuwa na miaka ishirini nilipoondoka, na wewe ndiye uliyenifungia begi. Kwenye mazishi ya baba nilikaa siku mbili nikaomba kulala kwa jirani, mkadhani ni kwa sababu ya wingi wa wageni. Ilikuwa kwa sababu ya ngazi. Kisha nikaenda nikawashusha watu wasionijua katika ngazi hizo hizo, na ile moja nikaiondoa. Sikuiondoa kwa makusudi. Hilo si la kunitetea, naeleza tu ilivyokuwa.

Nina jambo moja la kikazi. Mtu aliyeshtuka huwa wazi kuliko mteja yeyote niliyewahi kumkalisha kwenye kile kiti. Sentensi moja fupi, ikisemwa wakati ule na mtu anayempenda, huingia na kukaa. Mama alikuambia, "Ungesuuza, mwanangu." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nimesoma miaka saba katika nchi mbili ili niweze kuwafanyia watu kile nilichoona ukifanyiwa wewe kwa nukta moja. Neno la kukiondoa nilikuwa nalo, na nilikaa nalo miaka thelathini na moja.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Ungejiona una wajibu wa kunijibu.

Mdogo wako


20 Juni

Kwako Bwana Mtaalamu,

Mimi ni fundi cherehani, jirani ya mama yako, mlango wa kijani. Mimi na wewe tunajuana kwa picha tu. Dada yako amenituma nikuandikie kwamba hana la kukuandikia. Nilimwambia hilo nalo ni la kuandika, angeweza kuliandika mwenyewe. Hakucheka.

Kwa kuwa stempu nimeshanunua, nitaongeza kidogo. Barua yako aliisoma amesimama mlangoni kwangu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza kama nina nafasi ya kumshonea nguo mbili za safari. Namfahamu miaka kumi na sita, na nimemshonea magauni ya nyumbani na aproni zisizo na idadi. Nguo ya safari sijawahi. Nimempima. Amekonda.

Mama yako hajambo. Tunamshusha kila siku mimi na dada yako kwa kiti cha dukani kwangu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Hiyo ngazi mnayoandikiana habari zake siijui ni ipi, kwa sababu mimi nakanyaga zote.

Kama nimevuka mpaka kwa kuandika haya, niwie radhi.

Fundi


2 Julai

Dada, shikamoo.

Fundi ameniandikia. Naomba umshukuru kwa niaba yangu.

Naandika kukuarifu kwamba nimefunga chumba kwa muda. Wiki iliyopita nilikuwa namshusha mwalimu wa hesabu anayeogopa mbwa. Nilifika ya nne nikashindwa kuendelea. "Ya tano" haikutoka mdomoni. Alikaa amefumba macho akinisubiri kwa adabu zote, labda akidhani ni sehemu ya tiba. Nilimpandisha, nikamtaka radhi, nikamsindikiza hadi duka la miwani.

Nilijaribu kukurekodia upya, ngazi zote kumi na mbili. Ninazo flashi nne, na kila moja inaishia kwenye msumari. Sikutumii.

Ukiniandikia matusi nitayapokea. Kinachonitisha ni hizo nguo za safari.

Mdogo wako


19 Julai

Shikamoo yako nimeiona.

Nimekasirika. Nimeliweka mwanzoni usije ukahangaika kulitafuta kati ya mistari. Nimekasirika nikipiga mswaki na nimekasirika nikimenya viazi. Wiki ya kwanza nilidhani nitavunja kitu. Nikaangalia vyombo, nikaona vyote ni vya kununua mimi, nikaviacha.

Nilikuwa nimeitwa chuo cha uuguzi mwaka ule. Barua ilifika siku ya kumi baada ya baba kuanguka, nikaitia jikoni kwenye moto kwa mkono wangu, hakuna aliyenilazimisha. Yule mpima ardhi aliyenichumbia alinisubiri miaka miwili, akaoa kwingine. Sasa ana wajukuu, na tukikutana barabarani bado ananipa mkono kwa heshima. Haya yote nilishayazoea, na nisingekuandikia kwa ajili yake.

Lisilomezeka ni hili. Miaka kumi na minne nilimkata baba kucha kila Jumapili. Hakuna Jumapili aliyoacha kuniambia, "Basi, binti yangu, yameisha." Alikuwa ananisamehe. Aliendelea kunisamehe hadi wiki aliyokufa, na mimi nilikuwa nainamisha kichwa na kupokea. Ule msamaha ulikuwa wako. Baba amekwenda zake hajui alikuwa anamsamehe nani.

Sitakusamehe sasa na sikulaani. Sina nafasi, nafunga mizigo. Tarehe mosi Agosti naondoka. Muuguzi wa Alhamisi ana ndugu yake anayeendesha nyumba ya wagonjwa wanaopata nafuu, mji mwingine kabisa, na wanataka mtu wa kusimamia vitanda na jikoni. Nyumba haina ghorofa. Hilo ndilo swali la kwanza nililouliza.

Utakuja wewe. Sikuombi, nakuarifu. Ufunguo uko kwa fundi. Mama anameza dawa ya presha kabla ya chai. Ukimpa baada ya chai atakuambia ameshameza. Redio yake usiiguse. Siku akikataa kushuka, mwambie nyumba ya mbele wamepaka rangi ya ajabu, atashuka mwenyewe kuisema. Kiti cha fundi kirudishe mapema, wateja wake wanasimama. Kwa kiti mtu huweza kuivuka ya tano kwa hatua ndefu, kwa hiyo mama atashushwa kwa mkono, wewe mbele.

Yeye hajui. Sikumwambia, kwa sababu si langu. Utamwambia wewe, na utamwambia pale pale kwenye ya tano. Usimwambie chumbani kwa sauti yako ya kazini.

Usingizi bado sijaupata. Najua ungeuliza.

Dada yako


30 Agosti

Dada, shikamoo.

Nilifika saa mbili baada ya wewe kuondoka. Fundi alinikabidhi ufunguo akaniangalia toka juu hadi chini, akasema alidhani nitakuwa mrefu zaidi. Cheti nimekiacha ukutani kule. Bakuli nimekuja nalo, na mama analitumia kuwekea vitunguu.

Kwa karibu wiki nne tulimshusha kwa kiti, mimi na fundi, kwa sababu sikuwa tayari. Kila asubuhi nilijiambia kesho. Kisha siku moja fundi akaja akakichukua kiti chake bila neno. Nadhani ulimwandikia.

Juzi nilimshusha kwa mkono. Mimi mbele, mikono yake mabegani mwangu. Ya kwanza ikalia, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mguu wangu nao ukakataa, kama ulivyoeleza. Nikamwomba tukae. Akasema, "Ninyi watoto na ngazi hizi mna mambo." Tukakaa, nikamwambia. Sauti ya kazini sikuwa nayo hata ningeitaka. Nililia kabla sijafika kwenye sinia, na ikabidi nianze tena.

Akauliza kipande cha sabuni kilikuwa kikubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akauliza kama ngazi zilikuwa zimekauka nilipopaka. Nikasema zilikuwa kavu kabisa, soksi hazikulowa. Akauliza hilo hilo mara ya pili, akinitazama usoni, nikajibu hivyo hivyo. Nilisubiri anigombeze, na ningefurahi angenigombeza. Alisema tu nimsaidie asimame. Akashika ukuta, akaikanyaga ya tano yeye kwanza, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili, akanisubiri. Nikamfuata. Tulifika chini kwa hesabu ya kumi na mbili, na jua lilikuwa limeshahama kwenye benchi la nje.

Tangu hapo hajaniambia neno kuhusu jambo hilo. Leo asubuhi ameagiza karatasi na kalamu. Unajua hajaandika barua miaka mingi, mkono unatetemeka na miwani ni ile ya zamani. Nilimwambia aseme nimwandikie, akanikatalia, akasema hili atakuandikia mwenyewe. Limemchukua muda wote wa chai, chai imepoa, na dawa sijui kama amemeza. Nimeliweka humu ndani kama alivyoliandika.

Mdogo wako


30 Agosti

Mwanangu,

Ulisuuza.

Mama yako